Macho Hayana Pazia

Mjomba wangu ni fundi cherehani, Tanga. Siku ugonjwa wake ulipoanza, mwaka 2019, alikuwa anapiga pindo la kanzu nyeupe. Akaona masizi juu ya kitambaa. Akayapangusa kwa kiganja, hayakutoka. Akailaani pasi ya mkaa, akainyanyua kanzu aitazame mwangani, na masizi nayo yakapanda. Alipotazama ukutani, yakawa ukutani. Alipotoka nje ya kibanda akatazama juu, yakawa angani.

"Mpwa wangu," aliniambia baadaye, "hapo ndipo nilipojua kuwa masizi yamo jichoni, si kwenye nguo. Lakini jicho haliumi. Kitu kisichouma, utaenda hospitali ukaseme nini?"

Usiku ule aliona miale kila alipogeuza jicho gizani, kama umeme wa mvua iliyo mbali baharini. Alikwenda duka la dawa, akauziwa matone. Wiki ya pili kivuli kikaanza kuingia kutoka pembe ya chini, upande wa pua, na kila siku kikasogea kidogo. Kliniki ya kwanza walimwambia ni umri, asubiri mtoto wa jicho akomae. Ya pili walimwandikia miwani. Siku ya 26 tangu aone masizi, daktari bingwa wa retina jijini Dar es Salaam alimpima kwa dakika chache, akamwambia kuwa retina ya jicho lake la kushoto ilikuwa imebanduka karibu yote.

Tuna msemo kwamba macho hayana pazia. Husemwa kumtetea mtu aliyetazama kitu asichotakiwa kukitazama: afanye nini, na macho yako wazi? Mjomba ni mtu wa utani hata akiwa kwenye foleni ya hospitali. "Aliyesema hayo," alisema, "hakuugua huku nyuma."

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia. Sikuwa na ujuzi wa kumsaidia mjomba, wala fedha za maana. Nilichoweza kufanya ni kile ninachofundishwa: kuuliza jambo lilianzaje. Nilitaka kujua binadamu alijifunza lini kuutibu ugonjwa huu, na ni wapi hasa sisi tulikosea. Nilitarajia kukuta historia ya ujinga ulioondolewa na sayansi. Nilikuta kitu kinachosumbua zaidi: kwa karibu miaka 70, madaktari wakubwa wa Ulaya waliitazama dalili ileile ikiwa mbele ya macho yao, nao pia wakaisoma vibaya.

Kwanza, ugonjwa wenyewe. Retina ni utando ulio nyuma ya jicho, mwembamba usiofika nusu milimita, unaopokea mwanga na kuugeuza kuwa taarifa ziendazo kwenye ubongo. Ukipenda, ifikirie kama sensa ya kamera ya simu yako. Mbele yake jicho limejaa ute mzito, mfano wa ute wa yai. Nyuma yake kuna tabaka la mishipa ya damu ambalo huzilisha chembe zinazopokea mwanga. Retina haikugundishwa kwa gundi kwenye tabaka hilo. Imeegama tu, ikishikiliwa kwa nguvu ndogondogo.

Kadiri mtu anavyozeeka, ute ule husinyaa na kujitenga na retina. Kwa watu wengi hutoka salama. Kwa wachache huivuta retina na kuichana. Mvuto ule ndio unaoleta miale, kwa sababu retina haina mishipa ya kuhisi maumivu: ukiigusa, ukiivuta, ukiipiga, jibu lake ni moja tu, mwanga. Damu kidogo na chembe za rangi zikivujia ndani ya ute, vivuli vyake huonekana kama masizi au nzi wadogo. Kisha maji hupenya kwenye tundu, yakaingia nyuma ya retina na kuibandua, kama rangi inavyobanduka kwenye ukuta ulionyonya unyevu. Sehemu iliyobanduka haipati chakula chake. Hapo ndipo pazia huonekana. Na kwa kuwa lenzi ya jicho hupindua picha, kivuli cha chini upande wa pua maana yake ni kwamba retina imebanduka juu, upande wa sikio.

Kwa kila watu 10,000, takriban mmoja hupatwa na hali hii kila mwaka. Walio hatarini zaidi ni wenye uoni hafifu wa mbali kupita kiasi, kwa sababu jicho lao ni refu na retina yake imevutika. Waliopigwa au kuchomwa jichoni. Waliofanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Na wale ambao ndugu zao waliwahi kuugua. Kisukari na selimundu huweza kuibandua retina kwa njia nyingine, kwa makovu yanayoivuta taratibu. Mjomba huvaa miwani mizito tangu akiwa shule ya msingi. Mimi pia.

Hadi mwaka 1850 hakuna daktari aliyekuwa ameweza kuitazama retina ya mtu aliye hai na kuichunguza kwa uhakika. Mboni ya jicho ilikuwa tundu jeusi. Wengi walidhani ni jeusi kwa sababu mwanga ukiingia humo hautoki. Hermann von Helmholtz, mwalimu wa fiziolojia mwenye umri wa miaka 29 huko Königsberg, alikuwa akitafuta namna ya kuwaeleza wanafunzi wake suala hilo. Aligundua kwamba mwanga hutoka, ila hurudi kwa njia uliyoingilia. Ukitaka kuuona lazima uweke jicho lako kwenye njia hiyo, na ukiinamisha kichwa kuchungulia unaiziba taa. Alichukua vipande vya kioo, akaviweka kwa mshazari vipeleke mwanga wa taa ndani ya jicho, huku yeye akichungulia kupitia kioo kilekile. Mboni nyeusi ikawa nyekundu, na nyuma yake ikaonekana retina na mishipa yake ya damu. Alikitangaza kifaa hicho, oftalmoskopu, Desemba 1850, na mwaka uliofuata akachapisha maelezo yake.

Ndani ya miaka michache madaktari wakaanza kuchora walichokiona. Mwaka 1853 Coccius wa Leipzig alieleza michaniko kwenye retina zilizobanduka. Mwaka 1855 Eduard Jaeger wa Vienna alieleza mabadiliko katika retina ya mgonjwa wa kisukari. Kilichokuwa gizani kikawa wazi.

Lakini kuona si kujua. Madaktari waliona retina iliyobanduka, na mara nyingine waliona pia tundu. Swali likawa: kipi kimemtangulia mwenzake? Wengi walishika kwamba retina hubanduka kwanza kwa sababu ya maji au uvimbe, na tundu ni matokeo tu, jeraha la njiani. Wachache, akiwemo Theodor Leber wa Ujerumani, waliandika kwamba tundu lina sehemu kubwa katika jambo hili, lakini fikra hiyo haikubadili tiba. Wagonjwa walilazwa chali kwa wiki nyingi, macho yote mawili yamefungwa, vichwa vimebanwa kwa mifuko ya mchanga visitikisike. Walitolewa jasho kwa dawa. Walichomwa sindano za kutoa maji, au kuingizwa kemikali za kuunguza. Mwaka 1912 daktari wa Kimarekani aitwaye Vail aliwauliza wenzake nchini humo matokeo yao. Hesabu aliyoipata ilikuwa mgonjwa 1 aliyepona kwa kila 1,000.

Niliisoma takwimu hiyo maktabani nikamkumbuka mjomba na chupa yake ya matone. Mwaka 1912 hata tajiri wa Paris, mwenye daktari bora kuliko wote, asingekuwa na tofauti na fundi wa Tanga. Wote wangetiwa dawa na kungoja giza.

Aliyebadilisha hesabu hiyo alikuwa Jules Gonin, daktari wa Lausanne, Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1870. Kwa miaka mingi alichunguza kwa hadubini macho yaliyotolewa kwa wagonjwa, akachora retina zilizobanduka moja baada ya nyingine. Akajiridhisha kwamba ute huvuta, retina huchanika, maji hupita kwenye mchano, retina hubanduka. Tundu ndilo chanzo. Na kama ndilo chanzo, kutoa maji bila kuziba tundu ni sawa na kukomba maji ya mtumbwi uliotoboka.

Kazi ngumu ilikuwa kulipata tundu lenyewe. Linaweza kuwa dogo mno, limejificha pembeni kabisa mwa retina, kwenye mikunjo. Gonin aliwatazama wagonjwa kwa saa nyingi, akachora ramani ya kila jicho, akapima tundu liko upande gani na umbali gani kutoka ukingoni. Kisha alipasua sehemu nyeupe ya jicho kwa nje, mahali hasa palipo nyuma ya tundu, akayatoa maji, na kuingiza chuma cha moto kwa sekunde chache. Palipoungua pakafanya kovu, na kovu likaibana retina mahali pake na kuliziba tundu.

Alieleza matokeo yake mbele ya madaktari wa macho wa Ufaransa. Hakupokelewa kwa shangwe. Kuchoma jicho kwa moto kulionekana ukatili, na waliomwiga bila subira ya kutafuta tundu walishindwa, wakasema njia yake haifai. Polepole madaktari vijana walianza kufunga safari hadi Lausanne kumtazama akifanya kazi, akiwemo Arruga wa Barcelona na Weve wa Utrecht. Walirudi makwao na matokeo yaleyale. Kwenye mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam mwaka 1929, mjadala ulikuwa umekwisha. Ugonjwa uliokuwa ukimponya mtu mmoja katika elfu ukawa unawaponya karibu nusu. Gonin alifariki mwaka 1935. Hospitali ya macho ya Lausanne inaitwa kwa jina lake.

Ninaporudi kwenye safari ya mjomba, naona kwamba karibu kila chombo alichokutana nacho siku ile kilikuwa na historia ya aina hiyo. Daktari alimtia matone ya kutanua mboni, akavaa taa kichwani, akashika lenzi mkononi, akaanza kumzunguka huku akimwambia tazama juu, tazama kushoto, tazama kidole chako cha mguu. Kifaa kile cha kichwani, kinachomwezesha daktari kuiona retina kwa macho yote mawili hadi pembezoni, kilianza kuundwa na Charles Schepens, Mbelgiji aliyekitengeneza London mwishoni mwa Vita Kuu ya Pili. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa akiishi kwa jina la bandia, Jacques Pérot, katika kijiji cha Mendive mpakani mwa Ufaransa na Hispania. Alijifanya mfanyabiashara wa mbao huku akivusha watu milimani kuwakwepa Wanazi. Baadaye alihamia Marekani, na kizazi kizima cha madaktari wa retina kilifundishwa naye Boston.

Jicho la kushoto lilipasuliwa. Kupitia matundu madogo pembeni mwa sehemu nyeupe, madaktari waliuondoa ute, wakailaza retina mahali pake, wakachoma kuzunguka mchano, wakajaza mafuta ya silikoni kuishikilia. Upasuaji huo, vitrektomi, ulianzishwa na Robert Machemer huko Miami mwaka 1970. Kabla ya kuugusa mwili wa binadamu alijaribu mashine yake kwa kunyonya ute wa mayai ya kuku.

Retina ilishika. Uoni haukurudi kama zamani. Sehemu ya katikati ya retina, makula, ambayo ndiyo tunayosomea na kutungia uzi kwenye sindano, ilikuwa imekaa wiki kadhaa bila chakula. Ikiwa makula haijabanduka, upasuaji wa haraka huokoa uoni karibu wote. Ikishabanduka, kila siku inayopita hupunguza kinachoweza kurudi. Kwa jicho lile mjomba huona mkono ukipungwa, na huona kwamba mlango uko wazi.

Ila kuna habari ya jicho la pili. Daktari alipolikagua, alikuta tundu dogo pembeni ambalo lilikuwa bado halijapitisha maji. Mjomba hakuwa na dalili yoyote upande huo. Alikalishwa mbele ya mashine ya leza, akaambiwa atulie, akaona mfululizo wa mimweko ya kijani, na baada ya dakika chache akaambiwa ashuke.

Leza hiyo nayo ina chanzo chake. Tarehe 9 Julai 1945, miezi miwili baada ya vita kwisha Ulaya, jua lilipatwa. Gerhard Meyer-Schwickerath, kijana aliyekuwa akianza udaktari Ujerumani, alikutana na mwanafunzi aliyelitazama jua bila kinga. Katikati ya retina yake palikuwa na kovu la kuungua. Kila daktari aliyeliona kovu la namna hiyo aliliita madhara. Yeye aliona kitu kingine: kovu lile lilifanana na lile ambalo Gonin alilitengeneza kwa chuma cha moto, na hakuna mtu aliyekuwa amelipasua jicho. Mwanga ulikuwa umepita kwenye mboni peke yake. Huko Hamburg alianza kwa kuuelekeza mwanga wa jua kutoka kwenye paa la hospitali kwa vioo hadi ndani ya jicho la mgonjwa. Jua la Hamburg halitabiriki, akahamia kwenye taa kali za umeme, kisha akatengenezewa mashine ya taa ya zenoni na kampuni ya Zeiss katika miaka ya 1950. Leza ilipovumbuliwa mwaka 1960, wazo lilikuwa tayari linaisubiri.

Mwanga huohuo ukawa tiba ya wagonjwa wa kisukari. Insulini ilipoanza kutumika mwaka 1922, watu waliokuwa wakifa mapema walianza kuishi muda mrefu, na kadiri walivyoishi ndivyo mishipa ya retina zao ilivyoharibika na kuvuja. Katika miaka ya 1970 utafiti mkubwa nchini Marekani, wenye wagonjwa zaidi ya 1,700, ulilitibu kwa mwanga jicho moja la kila mgonjwa na kuliacha lingine. Kufikia mwaka 1976 ilikuwa dhahiri kwamba macho yaliyotibiwa yaliponea upofu kwa zaidi ya nusu ya yale yaliyoachwa, hata wagonjwa wakaruhusiwa kutibiwa jicho la pili kabla utafiti haujakamilika.

Kwa hiyo, kosa liko wapi? Nilipoanza kusoma nilikuwa na hasira na kliniki mbili. Bado ninayo kidogo. Madaktari bingwa wa retina ni wachache nchini mwetu, na mhudumu ambaye kwa siku hupokea wagonjwa wengi wa mtoto wa jicho atamwona mtoto wa jicho hata pale asipokuwepo. Hivyo ndivyo na wale wakubwa wa karne ya 19 walivyokuwa: waliona walichozoea kukiona. Gonin hakuwa na macho makali kuliko wao. Aliuliza tu kipi kimekuja kwanza, kisha akakaa mbele ya mgonjwa hadi alipolipata jibu.

Hata hivyo, vyombo vyote nilivyovitaja, kuanzia vioo vya Helmholtz hadi leza ya kijani, huanza kazi pale mgonjwa anapokwisha kuketi kwenye kiti. Hakuna kati yavyo kinachoweza kumtoa mtu kwenye cherehani yake. Kwa ugonjwa usiouma, hatua ya kwanza ya tiba ni mtu asiye daktari kuelewa anachokiona: masizi au nzi wengi wanaotokea ghafla, miale gizani, kivuli kinachoingia kutoka pembeni. Mara nyingi masizi peke yake huwa ni ute unaozeeka tu na hayana madhara, lakini hilo lisemwe na aliyeitazama retina kupitia mboni iliyotanuliwa. Matone ya duka la dawa hayawezi kulisema. Na siku ya kwenda ni ileile. Mwenye kisukari asingoje dalili kabisa. Retina yake ichunguzwe kila mwaka.

Mwaka jana nilikwenda mwenyewe. Miwani yangu ni ya -7.5, na damu ni ya ukoo mmoja. Daktari alinitanua mboni, akavaa taa kichwani, akaniambia nitazame kidole changu cha mguu. Nilicheka, naye hakujua kwa nini. Alikuta sehemu moja nyembamba, haijachanika. Tutaitazama tena mwaka huu. Nilitoka nje na jua la saa saba likaniumiza macho hadi machozi yakanitoka, nikakaa chini ya mwembe nikimngoja rafiki yangu anishike mkono tuvuke barabara.

Mjomba bado anashona. Kutunga uzi ameachia kijana wake wa kazi. Kila asubuhi, kabla hajafungua cherehani, husimama mbele ya kalenda iliyo ukutani, akaziba jicho la kushoto kwa kiganja na kusoma tarehe kwa la kulia. Alifundishwa hospitalini. Mtu mwenye macho mawili anaweza kupoteza moja na asijue kwa siku kadhaa, kwa sababu lililo zima humfichia siri mwenzake. Nimeanza kufanya hivyo na mimi, kwa zamu, kushoto kisha kulia. Huchukua sekunde 10.